Mstari Nyuma ya Wifi Yangu

Wifi yangu alikuwa na mkono. Wasusi wapo wengi, na wengi wao wanakuvuta nywele mpaka macho yanapanda, unarudi nyumbani na vipele shingoni na huwezi kulala chali siku mbili. Yeye alikusuka huku unasinzia. Ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Mkono, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye cheti cha ndoa, ambacho kaka yangu alikificha chini ya godoro kana kwamba kuna mtu angemwibia mke.

Mimi nilikaa kiti cha pili. Nasema nilikaa, sisemi nilisuka, kwa sababu wateja walimfuata yeye. Mimi nilipewa vichwa vya watoto, na kazi ya kuchovya ncha za rasta kwenye maji ya moto zisifumuke. Nilikuwa nimeachika, nina watoto wawili, na chumba cha uani cha kaka yangu ndicho kilichonisitiri. Wifi mwenyewe ndiye aliyesema nije kibandani nifundishwe kazi. Watu husema mawifi hawaivi chungu kimoja. Sisi tuliiva, ila kuni zilikuwa zake, moto ulikuwa wake, na mimi ndiye niliyeambiwa nishukuru. Nilishukuru kila siku. Hakuna kitu kinachochosha kama kushukuru kila siku.

Kibanda chetu kilikuwa cha mabati, cha tano katika safu ya vibanda kumi na vitatu nyuma ya soko, vyote vya wanawake: washonaji, wauza mitumba, mama wa chai, wasusi. Ndani kulikuwa na kioo kilichopasuka pembeni, viti viwili vya plastiki ambavyo changu mguu wake ulifungwa waya, ndoo, jiko la mkaa, na picha za wanawake wazuri zilizopauka mpaka wote wakawa rangi moja.

Sasa, ukimshika mtu kichwa kwa saa nne, atasema tu. Yeye anatazama ukuta, wewe unatazama utosi wake, hamwonani macho, na maneno yanatoka yenyewe. Mwalimu wa chekechea alisema anameza vidonge vya kuzuia mimba huku mumewe akimzungusha kwa madaktari kutafuta mtoto. Mke wa fundi bomba alisema ameshapanga chumba upande wa pili wa mji, na kila wiki anahamisha nguo mbili tatu, bwana hana habari. Muuza mitumba wa kibanda cha tisa alikuwa na ugonjwa ambao hakutaka wakwe zake waujue, na dawa zake alizificha humo humo kwetu, ndani ya kopo la mafuta ya nywele.

Wifi alikuwa akisikia anasema "mhm", anaendelea kusuka. Maneno yaliingia kwake kama maji kwenye mchanga. Kwangu pia yaliingia, lakini mimi niliyahifadhi. Wala sikujua nayahifadhia nini.

Kisha likabandikwa tangazo. Halmashauri ilikuwa imeamua safu yetu ivunjwe, pale pawe maegesho ya malori. Madiwani kumi na wanne walikaa, wote wanaume, wakanywa chai, wakapitisha. Wanawake wa safu walikwenda kwa diwani wetu, Mheshimiwa, mtu mnene mpole anayecheka kabla hujamaliza kusema. Akawaambia hoja ilisomwa wazi na hakuna aliyeipinga. Wifi akamuuliza ni nani kati yetu alikuwa amekaa mle ndani wa kuipinga. Mheshimiwa akacheka, akasema basi agombee yeye.

Wifi alirudi kibandani, akanawa mikono, akamalizia kichwa alichokuwa amekiacha nusu. Alipokata uzi wa mwisho akasema, "Nitagombea."

Kwetu ukishapitishwa na chama umemaliza, uchaguzi wenyewe unakuja kukamilisha ratiba tu. Na chama kilikuwa kinapitisha watu kwa mstari. Hakuna karatasi wala sanduku. Wagombea wanasimama uwanjani wametazama ukuta wa shule, na anayekutaka anakuja kupanga mstari nyuma yako. Wa kwanza anakushika bega, wa pili anamshika bega wa kwanza, hivyo hivyo mpaka mwisho, ili mstari usikatike. Kabla ya filimbi, mtu anaruhusiwa kuhama. Filimbi ikishalia, mnahesabiwa. Na mgombea haruhusiwi kugeuka. Akigeuka amejitoa. Walisema sheria hiyo iliwekwa ili mgombea asiwatishe watu kwa macho. Waliotunga sheria hiyo hawakuwaza kabisa kwamba anayesimama ametazama ukuta ndiye anayeweza kutishwa.

Hesabu ya wanawake ilikuwa nyepesi. Vibanda kumi na vitatu, kila kibanda kilete watu kumi na tano, na mitaa ya nyuma ijazie. Mheshimiwa hakuwahi kufikisha watu mia na ishirini. Hata kaka yangu, aliyekuwa mlinzi wa getini kwenye ghala moja, na ambaye wenzake walishaanza kumwita Bwana wa Diwani, alinuna wiki nzima halafu akasema akili ni nywele, kila mtu ana zake, afanye anavyotaka. Safu nzima ilikuwa inacheka. Mama wa chai alisema siku malori yakija kuegesha, yataegesha sebuleni kwa Mheshimiwa.

Hapo ndipo karani wa Mheshimiwa aliponiita.

Nilikwenda nikidhani ni mambo ya usajili wa watoto shuleni. Akanipa kiti, akafunga mlango, akaniuliza habari zangu. Zangu mimi, si za kaka wala za wifi. Halafu akanyamaza, akanitazama, akangoja. Wacha niseme ukweli ulivyo: katika maisha yangu nilikuwa sijawahi kuketishwa mbele ya mtu anayengoja niseme. Nyumbani nilisikiliza, kwa mume nilisikiliza, kibandani nilisikiliza na ndoo ya maji ya moto mkononi. Karani akasema watu wanashangaa kwa nini wanawake hawakunichagua mimi, mtu mwenye busara zangu. Kilikuwa kilemba cha ukoka, na nilijua, nikainamisha kichwa anivishe vizuri.

Nilianza na dogo. Lakini siri ni kama shanga. Uzi ukikatika, huokoti moja. Nilikwenda mara tatu. Hakuwa anaandika chochote, na nadhani ndiyo maana niliendelea. Mara ya tatu alitaja kwamba safu ikishavunjwa vitajengwa vibanda vichache vya matofali upande wa pili, kwa watu wanaoelewa. Sitaki kusingizia umaskini. Kibanda kilitajwa mwishoni, wakati nimeshasema yote.

Siku nne kabla ya mstari wifi alitangaza kwamba atawasuka wanawake wote bure. Alisema hawezi kuona wenzake wanasimama mbele ya wanaume na vichwa kama wametoka kupigana na paka. Mistari saba inayokwenda nyuma, imefungwa kisogoni, wote sawa. Alisuka tangu alfajiri mpaka giza, siku nne. Vidole vilivimba mpaka pete ya ndoa ikabidi ikatwe na fundi wa saa. Mimi ndiye niliyemkanda kwa maji ya chumvi. Wa mwisho kusukwa nilikuwa mimi. Alifunga kitambaa kidole cha shahada, akanisuka kwa vinne vilivyobaki, na hakunivuta hata unywele mmoja.

"Wewe utakuwa wa kwanza nyuma yangu," aliniambia. "Nikisikia mkono wako begani, nitajua mambo yako sawa."

Siku ya mstari tulifika mapema. Wagombea walikuwa wawili tu, yeye na Mheshimiwa. Wakasimamishwa wametazama ukuta wa darasa la tatu, hatua thelathini kati yao. Mstari wa Mheshimiwa ulikuwa wa wanaume na wake zao wachache. Wa kwetu ulizunguka mlingoti wa bendera, ukapita choo cha walimu, ukatoka nje ya lango. Nilipogeuka kuutazama nilipatwa na kizunguzungu. Vichwa vya mistari saba, kimoja nyuma ya kingine, na kila mkono uko kwenye bega. Mungu anisamehe, nilijivuna. Nilisahau kwa dakika nzima kitu nilichokifanya.

Filimbi ilikuwa ipulizwe saa nne. Karani akamwendea msimamizi, wakanong'ona. Msimamizi akatangaza kwamba fomu ya kuandikia matokeo imesahauliwa ofisini, tuvumilie kidogo. Tulivumilia saa mbili, juani. Na wakati tunavumilia, karani na vijana wake watatu walipita kwenye mstari wetu wakigawa chupa za maji, kwa adabu, kuanzia mkiani. Kila chupa ilikwenda na neno moja sikioni. Yule anayenong'onezwa alishtuka, akatazama huku na huku, akatoa mkono begani mwa mwenzake. Wengine walikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa Mheshimiwa. Wengine walibaki wamesimama katikati ya uwanja kama watu waliovuliwa nguo.

Hawakuwa na siri za wote, wala hawakuzihitaji. Wakishatoka watatu, wa nne anauliza kuna nini, anaambiwa Mkono ameuza maneno yetu kwa wanaume, na wa nne anakumbuka kwamba na yeye alishawahi kukaa kwenye kile kiti.

"Wifi," aliniuliza, uso ukutani. "Mstari umefika wapi?"

Nikageuka. Ulikuwa umefika kwenye mlingoti.

"Umefika langoni," nikamwambia.

Baada ya muda akauliza tena. Ulikuwa umefika kwenye ngazi za darasa. Nikamwambia langoni. Alicheka kidogo, akasema miguu inamuuma lakini ni maumivu matamu.

Ndipo mwalimu wa chekechea alipokuja mbele. Alizunguka mpaka akasimama kati ya wifi na ukuta, uso kwa uso. Hakupiga kelele. "Nilikwambia wewe," alisema. "Kwenye kiti chako. Hakukuwa na mtu mwingine." Akamtemea mate kifuani, akaenda zake kwenye mstari wa pili.

Hakukuwa na mtu mwingine. Nilikuwepo siku ile, nimekaa hatua moja kutoka kwake, nachovya rasta za mwanafunzi wake mmoja. Lakini mtu wa kiti cha pili hakuna anayemhesabu, na siku hiyo kutohesabiwa kukanifaa kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa.

Bega la wifi lilikakamaa chini ya kiganja changu. Mate yalikuwa yanateremka kwenye kitambaa cha gauni lake jipya, na hakuyafuta, kwa sababu nadhani alikuwa anafikiri, na alipofikiri alisahau mwili. Siri ile waliijua wasusi wawili. Mmoja alikuwa yeye. Nilimsikia anavuta pumzi, nikajua amefika.

"Wifi," akasema, kwa sauti ile ile. "Mstari umefika wapi?"

"Langoni," nikasema.

"Haya."

Karani akaja na chupa yangu. Akainama sikioni, akasema polepole kwamba watakaobaki hapa watahesabiwa kuwa ni wenzake, na kwamba mtu mwenye busara asingependa wanawake waanze kujiuliza nani mwingine alikuwa anakaa mle kibandani. Nilifikiria watoto wangu. Hapana, huo ni uongo, wacha niufute. Sikufikiria kitu. Nilitoa mkono wangu begani mwake, nikavuka uwanja, nikashika bega la mke wa fundi bomba kwenye mstari wa Mheshimiwa. Filimbi ikalia mara moja, kana kwamba fomu ilikuwa mfukoni siku zote.

Walipomruhusu kugeuka, nyuma yake walikuwa watu sita. Mmoja alikuwa bibi kiziwi aliyedhani ni foleni ya kupimwa macho, na akawa anauliza daktari anafika saa ngapi. Mmoja alikuwa muuza mitumba wa kibanda cha tisa. Naye alinong'onezwa kama wengine. Tulimsikia wote alivyomjibu karani: ugonjwa ni wake, mwili ni wake, kama wanataka wakawaambie wakwe zake leo leo. Wakawaambia, leo leo, na akafukuzwa nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe. Hilo sitalizungusha: alikuwa na cha kupoteza zaidi kuliko mimi, na alibaki.

Wifi hakuwatazama wale sita. Alitazama upande wetu. Tulikuwa tumegeuza nyuso tukampa visogo, na visogo vyote vilikuwa kazi ya mikono yake. Msusi anakijua kichwa kwa nyuma kuliko kwa mbele. Alituhesabu mmoja mmoja, taratibu, bila kusema, na alipofika kwangu akapita kama alivyopita kwa wengine. Kaka yangu hakuwepo. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake ili asiwepo, ushindi ukija au usije.

Safu ikavunjwa mwezi uliofuata. Mwalimu wa chekechea aliachwa hata hivyo, kwa sababu neno likishanong'onwa na watu wanne halirudi mfukoni. Mumewe aliweka sanduku lake nje ya lango la shule wakati watoto wanaimba. Wifi aliitwa mmbea sokoni, kwenye maji, kwenye misiba. Hakuna aliyempa kichwa tena. Mara mbili tatu walimuuliza wazi, na mara zote nilikuwepo, nangoja anitaje. Hakutaja mtu. Akaenda kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni, na mpaka leo ndiko aliko.

Mimi nikapewa kibanda cha matofali, namba mbili, chenye kioo kizima. Wanawake wakaja. Walikuwa hawana kwa kwenda, na mkono wangu si mbaya, nilifundishwa vizuri. Miezi ya kwanza walikaa kimya. Kisha siku moja mama wa chai, ambaye sasa anauza chai barabarani bila kibanda, akavuta pumzi ndefu chini ya vidole vyangu akasema, "Afadhali, shoga. Hapa sasa mtu anaweza kusema." Akasema. Wote wanasema. Nasikia mambo ambayo wifi mwenyewe hakuwahi kuyasikia.

Hiyo ni miaka mitano iliyopita. Mwaka huu chama kimeletewa agizo kwamba kata kadhaa lazima ziweke mwanamke, na Mheshimiwa anapanda juu, anautaka ubunge, kwa hiyo anahitaji mtu wa kumshikia kiti. Karani aliniletea fomu kibandani, mbele ya wateja. Wanawake wakapiga vigelegele. Wamenichagua wao na wamenichagua wale, sijawahi kuona watu wakielewana hivyo. Hakuna mgombea mwingine, lakini mstari utapangwa Jumamosi vilevile, ili picha zipigwe. Kata yetu itasifiwa.

Jana mchana nilikwenda kwa wifi. Nilimkuta uani anakunja mashuka ya wageni yaliyokauka. Sikukaa. Nilisema yote, kiti cha karani, mara zile tatu, mwalimu, kibanda. Nilisema haraka kama mtu anayetapika. Yeye akanipa pembe mbili za shuka nishike, tukakunja. Unakwenda mbele mnakutana, unarudi nyuma, unavuta.

"Najua," alisema. "Nilijua pale pale."

Nikamuuliza mbona hakuwahi kusema. Alichukua shuka lingine.

"Ningemwambia nani? Nilipogeuka hakukuwa na mtu aliyetaka kusikia kwamba si mimi. Walikuwa wameshahama. Ningewaonyesha wewe, wangejiona wajinga. Nikibaki mimi, walifanya haki."

Nilisubiri anitukane. Nilitamani anitukane. Nilitamani anipige na yale mashuka, au aanze kulia, nami nilie, tumalize kama mawifi wengine. Nikamwambia kama anataka nitajitoa, nitawaita wanawake wote Jumamosi niwaambie.

"Usijitoe," akasema. "Nitakuja nipange mstari. Nitakuwa nyuma yako."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza kwa nini.

"Mle ndani nataka akae mwanamke," alisema. "Mzuri sikumpata, na mimi wamenimaliza. Umebaki wewe. Utakaa pale utasinzia, utanyoosha mkono ukiambiwa unyooshe, na siku moja utakufa au watakuchoka. Ila watakuwa wameshazoea kuona gauni kwenye kile kiti, na atakayekuja baada yako hatachekwa akiomba. Kazi yako ni hiyo tu. Hata wewe huwezi kuiharibu."

Akachukua shuka mikononi mwangu, akaniambia nisogee, nimekanyaga pembe ya lile lililobaki. Nikasogea.